Laptop Haichaji: Chaja, Tundu, Betri au Bodi?

Safu ya mafundi: mnauliza, tunajibu

Barua za mwezi huu zimekuja na kilio kimoja: laptop imegoma kuchaji. Wengi walioandika wameshanunua kitu kabla ya kupima. Mmoja amenunua betri kumbe chaja ndiyo imekufa, mwingine amebadilisha chaja mbili kumbe tundu limelegea. Umeme hutoka ukutani, ukapita kwenye waya na chaja, ukaingia tunduni, kisha bodi (ubao mkuu wenye vipuri ndani ya laptop), na mwisho betri. Tunawaomba mfuate njia hiyo hiyo mnapotafuta ubovu.

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Laptop yangu ya HP niliiacha inachaji usiku. Umeme ulikatika ukarudi, na asubuhi nikaikuta haiwaki wala haionyeshi taa. Fundi wa hapa mjini amesema bodi imekufa na yuko tayari kuinunua kwa bei ya vipuri. Nikubali? (Mwalimu, Kilosa)

JIBU: Usiiuze kwanza, Mwalimu. "Bodi imekufa" ni neno linalopaswa kuja na vipimo, nawe hukuonyeshwa hata kimoja.

Anza ukutani. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ile ile, bila ekstensheni, uone kama umeme upo. Kisha utazame waya unaotoka ukutani kwenda kwenye kile kibumba cha chaja. Upande wa kibumba una matundu matatu, na waya wa namna hiyo huingia kwenye chaja za kampuni nyingi, kwa hiyo azima wa jirani ujaribu. Ikiwa plagi yako ni ile ya miguu mitatu ya bapa, ndani yake mna fyuzi ndogo, kwa kawaida ya ampea 3 au 5. Umeme unaporudi kwa kishindo, fyuzi hiyo inaweza kuungua peke yake na kuacha chaja nzima. Weka nyingine ya kiwango kile kile. Kuziba nafasi yake kwa karatasi ya sigara au kipande cha waya ni kuiondolea chaja mlinzi wake.

Chaja nyingi zina taa. Kama haiwaki hata ukiichomoa kwenye laptop, na waya wa ukutani ni mzima, chaja imekufa. Kama inawaka ikiwa peke yake lakini inazima mara tu unapoichomeka kwenye laptop, chaja inajikinga: ndani ya laptop kuna shoti, au chaja imechoka na haiwezi tena kubeba mzigo. Ijaribu kwenye laptop nyingine ya aina hiyo hiyo, utajua ni lipi kati ya hayo mawili.

Mwenye multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, aiweke kwenye volti za DC, kiwango cha 200. Usiweke 20, kwa sababu chaja ya volti 19.5 au 20 inaweza kuzidi kiwango hicho na kipimo kikashindwa kusoma. Kwenye kichwa cha HP au Dell chenye sindano katikati, chanya ni ukuta wa ndani wa bomba na hasi ni ukuta wa nje. Ile sindano ni ya mawasiliano, haibebi umeme wa kuchaji. Ukiona kati ya 18.5 na 20.5 kwenye chaja iliyoandikwa 19.5, ni dalili njema, ingawa haitoshi. Chaja inaweza kuonyesha 19.5 ikiwa haina mzigo, ikaanguka hadi 12 laptop inapoanza kuvuta. Ndiyo maana jaribio la kwenye laptop nyingine lina uzito kuliko kipimo.

Chaja ikithibitika kuwa nzima, ondoa umeme uliobaki ndani ya laptop. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka kwa nje, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 30. Rudisha chaja peke yake, bila betri, halafu washa. Baada ya mtikisiko wa umeme, kidhibiti kidogo kinachosimamia uchaji huweza kuganda, na njia hii hukizindua. Ikiwaka, umeshinda. Ikiwa betri iko ndani, fundi afungue mfuniko wa chini na kuchomoa kiunganishi chake kabla ya kurudia zoezi hilo.

Bado haiwaki? Sasa ndipo tunafika kwenye bodi, na hapa kuna mambo matatu ya kumwuliza fundi. Volti 19 zinafika kwenye bodi baada ya tundu? Zinavuka transista za kwanza zinazofungua njia ya umeme? Na njia kuu ya umeme ina shoti na ardhi ya bodi, yaani upande wa hasi? Mara nyingi shoti hiyo hutokana na kapasita moja ya kauri, ndogo kama punje ya mchele. Fundi mzuri huingiza umeme mdogo wa volti 1 hivi kwenye njia hiyo, anapaka spiriti ya kusafishia bodi, kisha anatazama inapokauka haraka. Pale pana joto, na penye joto ndipo penye kapasita iliyokufa. Huitoa, na laptop ikawaka.

Kuna kosa moja wanalofanya mafundi wanaojifunza: kupima koili za upande wa prosesa, kuona omu chache tu, na kutangaza shoti. Njia ya prosesa ina ukinzani mdogo hata kwenye bodi nzima. Kama fundi wako alipima hapo tu, tafuta mwingine anayefanya kazi za bodi, ndipo uamue kuuza.

SWALI: Yangu inachaji nikiukunja waya kushoto na kuuwekea kitabu. Karibu na tundu panapata moto. Naomba kujua kama nibadilishe chaja au nini. (Mwanafunzi, Dodoma)

JIBU: Acha kuweka kitabu kuanzia leo. Moto huo una sababu. Chaja ya wati 65 kwa volti 19.5 hupitisha ampea 3.3 hivi. Mguso uliolegea ukiwa na ukinzani wa nusu omu tu, hapo penye mguso panazaliwa joto la wati 5 na zaidi, na hiyo inatosha kuyeyusha plastiki ya tundu na kuunguza bodi iliyo nyuma yake.

Kujua ubovu ulipo, washa laptop, tazama taa ya kuchaji, kisha tikisa sehemu tatu, moja baada ya nyingine: waya unapotoka kwenye kibumba, shingo ya kichwa cha chaja, na mwisho kichwa chenyewe kikiwa tunduni. Taa ikicheza ukigusa shingo huku kichwa kimetulia, ubovu uko kwenye waya wa chaja. Ikicheza kichwa kinapoyumba tunduni, tundu limechoka.

Shingo hutengenezeka. Fundi hukata sentimita 5 hivi kutoka kichwani na kuunga waya mwingine wenye kichwa kipya, akiuchoma kwa risasi ya kulehemu na kuufunika kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Chanya ni waya wa katikati, hasi ni nyuzi zinazouzunguka, na kwenye Dell na HP kuna uzi wa tatu mwembamba wa ile sindano. Usimruhusu asokote nyaya na kufunga selotepu. Nyaya zilizosokotwa hulegea, joto linarudi pale pale.

Tundu nalo huja kwa namna mbili. Kwenye laptop nyingi za Dell Inspiron, HP na Lenovo IdeaPad, tundu limeshikamana na kipande cha waya kinachochomekwa kwenye bodi. Kulibadilisha ni kufungua skrubu, kuchomoa la zamani na kuchomeka jipya, kazi isiyofika saa moja. Kwenye nyingine tundu limechomewa moja kwa moja kwenye bodi, na hapo anatakiwa mtu mwenye mkono wa kutoa risasi bila kung'oa njia za shaba. Kabla ya kununua kipuri, soma namba kamili ya modeli chini ya laptop. Jina la "HP 15" pekee halitoshi, maana chini ya jina hilo kuna matundu tofauti. Hesabu nyuzi za waya wake na upime urefu ulinganishe na la zamani.

SWALI: Dell yangu kila nikiwasha inaandika kwamba aina ya chaja haitambuliki. Inafanya kazi lakini polepole sana, na betri haipandi. Chaja ni mpya, nimenunua mwezi uliopita. (Mhasibu, Nakuru)

JIBU: Chaja mpya si lazima iwe chaja sahihi. Ndani ya chaja ya Dell mna chipu ndogo inayoitambulisha kwa laptop kupitia ile sindano ya katikati: mimi ni wa wati 65, au 90, au 130. Laptop isiposikia jibu, inachukua tahadhari. Inakataa kuchaji betri na kuipunguzia prosesa kasi isije ikavuta umeme kuliko uwezo wa chaja. Polepole unayoiona ni hiyo.

Washa laptop ukibonyeza F2 mfululizo hadi iingie kwenye mipangilio ya bodi (BIOS), utafute sehemu ya betri. Pale pameandikwa wati za chaja au kwamba haijulikani. Kisha azima chaja halisi ya Dell. Ikitambuliwa, yako haina chipu, au uzi wake wa tatu umekatika, au sindano imepinda. Isipotambuliwa nayo, badilisha kwanza kipande cha tundu, kwa sababu uzi wa mawasiliano hukatikia hapo mara nyingi. Bodi iwe ya mwisho kushukiwa.

Na kwa wote mnaonunua chaja: volti zilingane na zilizoandikwa chini ya laptop, wati ziwe sawa au zaidi. Chaja ya wati 90 kwenye laptop ya 65 haina madhara, laptop huvuta inachohitaji tu. Ya 45 kwenye laptop ya 65 itachaji ikiwa imezimwa, na ukiitumia kwa kazi nzito utaona betri inashuka huku imechomekwa.

SWALI: Lenovo yangu ikifika asilimia 60 inaganda hapo hata nikiiacha usiku kucha. Betri imeharibika? (Msomaji, Arusha)

JIBU: La. Kuna mpangilio wa kuhifadhi betri umewashwa. Fungua programu ya Lenovo Vantage, nenda sehemu ya umeme, uzime hali ya kuhifadhi. Asus wana mpangilio kama huo kwenye MyASUS, na HP na Dell wameuweka kwenye mipangilio ya bodi, mara nyingi ukikomea asilimia 80. Kama laptop yako inakaa mezani na chaja siku nzima, tunakushauri uuache kama ulivyo, betri itadumu zaidi.

SWALI: Laptop yangu inachajiwa kwa Taipu-C. Chaja yake imepotea. Nikitumia ya simu inaandika inachaji polepole, na nyingine hazifanyi kitu kabisa. Kwa nini, ilhali tundu ni moja? (Dada wa duka la vitabu, Zanzibar)

JIBU: Tundu ni moja, dada, lakini umeme si mmoja. Laptop na chaja ya Taipu-C huzungumza kwanza kabla ya umeme mkubwa kupita. Chaja hutaja volti ilizonazo: 5, 9, 15 au 20. Laptop nyingi huhitaji 20. Chaja ya simu ya wati 18 huishia 9 au 12, kwa hiyo laptop ama inaikataa, ama inapokea kidogo kisichotosha.

Nunua chaja iliyoandikwa PD, ndio mfumo wa mazungumzo hayo, na katika maandishi yake madogo ya kutolea umeme uone 20V 3.25A. Hizo ni wati 65, zinatosha laptop nyingi za ofisini. Kisha tazama waya. Waya wa kawaida wa Taipu-C pande zote mbili unaishia ampea 3, yaani wati 60. Ukitaka wati 65 kamili au 100, chukua waya ulioandikwa 5A au 100W, kwa kuwa ndani yake mna chipu ya kuruhusu mkondo huo. Chaja nzuri ikiwa na waya dhaifu itajishusha yenyewe, ukadhani chaja ni feki.

Na kama laptop ina matundu mawili ya Taipu-C, jaribu yote, si kila moja linapokea umeme. Zima mashine, mulika tochi ndani. Nyuzi za mfukoni na vumbi hujazana, nazo hutoka kwa kijiti cha meno cha mti. Usitumie sindano.

SWALI: Betri imebaki dakika 25 tu. Ina miaka minne. Muuzaji ananishawishi ninunue yenye mAh nyingi zaidi, yaani iliyoandikwa kuwa inabeba chaji kubwa zaidi. Nijuaje betri nzuri? (Mwandishi, Bujumbura)

JIBU: Kwanza ipime uliyonayo, maana Windows ina kumbukumbu zake zote. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, fungua, kisha andika powercfg /batteryreport na ubonyeze Enter. Itakuonyesha mahali ilipohifadhi faili liitwalo battery-report.html, nawe utalifungua kwa kivinjari. Tafuta mistari miwili: DESIGN CAPACITY ni uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, FULL CHARGE CAPACITY ni uwezo wake leo.

Tuseme ya kwanza ni 41,000 mWh, yaani wati-saa (Wh) 41, na ya pili ni 13,500. Umebakiwa na theluthi. Laptop inayokula wati 10 kwa kuandika ilikuwa inakaa saa nne, sasa ingekaa saa moja na dakika 20. Ikizima kwa dakika 25 ilhali ripoti inasema hivyo, seli moja imekufa na inaziangusha wenzake, au kipimo cha betri kimepotea njia. Ichaji hadi 100, itumie mpaka izime yenyewe, uichaji tena bila kukatiza. Fanya hivyo mara mbili, kisha soma ripoti upya. Hili husahihisha kipimo tu, halirudishi uhai wa seli. Anayekuahidi kufufua betri kwa kuigandisha kwenye friji anakupotosha.

Zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wa awali, usinunue. Kati ya 50 na 80 inategemea kama unatembea nayo. Chini ya 50, na kazi yako ni ya kuzunguka kama ya uandishi, badilisha.

Wakati wa kununua, fungua mfuniko kwanza usome namba ya betri yenyewe, mathalani HT03XL kwa baadhi ya HP. Usitegemee jina la laptop. Linganisha volti na Wh, umbo la kiunganishi na matundu ya skrubu. Volti za maandishi zinaweza kupishana kidogo, 11.4 na 11.55 kwa mfano, lakini betri ya 7.6 haiwezi kuchukua nafasi ya 11.4.

Kuhusu mAh nyingi: betri za zamani za kuchomoa hutumia seli za duara za aina ya 18650. Seli bora kabisa za umbo hilo hufika 3,500 mAh hivi. Betri ya seli sita za volti 10.8 ina safu tatu za seli mbili mbili, kwa hiyo haiwezi kuvuka 7,000. Ukiona imeandikwa 9,000, umeshajua. Uliza pia tarehe ya kutengenezwa, kwa sababu betri huzeeka hata ikiwa dukani, na ukubaliane na muuzaji siku za majaribio. Ukifika nyumbani toa ripoti ile ile. Betri mpya inayoanza na asilimia 70 ya uwezo ulioandikwa irudishe siku hiyo hiyo.

SWALI: Sehemu ya kugusa chini ya kibodi imenyanyuka na mfuniko wa laptop haufungi vizuri. Bado inachaji. (Mama, Tanga)

JIBU: Mama, izime sasa hivi na uchomoe chaja. Betri imevimba. Kemikali za ndani zimevunjika na kutoa gesi, na mfuko wake ukipasuka unaweza kushika moto. Usikandamize mfuniko ufunge, wala usitoboe betri kutoa hewa. Iweke laptop juu ya sakafu ya saruji au vigae mbali na mapazia, kisha ipelekwe kwa fundi aitoe. Asiing'oe kwa bisibisi ya chuma iwapo imegandishwa kwa gundi. Laptop nyingi zitaendelea kufanya kazi kwa chaja peke yake wakati unatafuta betri nyingine.

Betri iliyotolewa isitupwe jalalani wala kwenye moto wa takataka. Walioko Nairobi wana WEEE Centre inayopokea taka za vifaa vya umeme. Kwingineko muulize fundi anampelekea nani betri chakavu, na mpaka utakapopata jibu iwekwe nje ya nyumba, kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu.

SWALI: Laptop ya bati ikiwa kwenye chaja inanitetemesha mkono kama umeme mdogo. Ni hatari? (Msomaji, Kampala)

JIBU: Ndani ya chaja kuna kapasita ndogo zinazounganisha upande wa umeme mkubwa na upande wa laptop, kazi yake kuzuia kelele za redio. Zinapitisha mkondo mdogo mno, ambao unatakiwa kwenda ardhini kupitia mguu wa tatu wa plagi. Ukitumia plagi ya miguu miwili, au ekstensheni isiyo na waya wa ardhi, mkondo huo hubaki kwenye bati na kupita mkononi mwako. Mtetemo laini wa namna hiyo kutoka chaja halisi hauumizi. Tumia waya wa miguu mitatu kwenye soketi yenye ardhi ya kweli, utaisha.

Lakini ukirushwa mkono, au ikiwa chaja ni ya bei ya chini isiyo na jina, iache kabisa. Chaja iliyoundwa vibaya inaweza kuvujisha umeme wa ukutani wenyewe. Na ile tabia ya kufungua soketi kwa kalamu ili plagi ya miguu miwili iingie huacha mguso uliolegea, wenye cheche. Adapta ya plagi ni bei ndogo.

SWALI: Huku kwetu hakuna umeme wa gridi. Nina betri ya sola ya 12V 100Ah na inveta. Chaja ya laptop inanguruma na kupata moto. Kuna njia nyingine? (Katibu wa chama cha ushirika, Songea)

JIBU: Ipo, na ni bora zaidi. Inveta za bei nafuu hutoa umeme wa ngazi ngazi badala ya wimbi laini, na ndio unaofanya chaja ingurume. Tena unapandisha 12 hadi 230, kisha chaja inashusha 230 hadi 20, na kila hatua inakula umeme wako.

Kama laptop ni ya Taipu-C, nunua chaja ya gari ya PD yenye wati 65 na kuifunga moja kwa moja kwenye betri. Itavuta ampea 6 hivi ikiwa kileleni. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5, na uweke fyuzi ya ampea 10 karibu na chanya ya betri. Kama laptop ni ya kichwa cha duara, zipo chaja za gari za laptop zinazopandisha 12 hadi 19 au 20. Hakikisha volti na kichwa kabla ya kuchomeka. Betri ya laptop ya 50 Wh ikijaa itakuwa imekula kama ampea-saa 5 za betri yako ya sola, kwa hiyo hesabu ni nyepesi. Usiunganishe volti 12 moja kwa moja kwenye tundu la laptop.

SWALI: Nina duka la kuchapa na kutoa nakala. Laptop tatu zimekufa kwa zamu: moja tundu limeng'oka (i5-8250U), ya pili inahitaji betri (i5-6200U), ya tatu ilimwagikiwa chai ikawa haichaji (i3-7100U). Nitengeneze zipi, nitupe ipi? (Mfanyabiashara, Mwanza)

JIBU: Sahau ulizinunua bei gani. Linganisha gharama ya matengenezo, kipuri pamoja na ufundi, na bei ya leo ya laptop nyingine kama hiyo ikiwa nzima. Gharama ikiwa chini ya theluthi ya bei hiyo, tengeneza bila kusita. Ikivuka nusu, acha. Ikiwa katikati, angalia umri wake.

Umri unausoma kwenye zile namba ulizotuandikia. Kwa prosesa kama hizo zako, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. Ya kwanza ni kizazi cha 8, ya pili cha 6, ya tatu cha 7. Microsoft walimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi huanzia kizazi cha 8 cha Intel. Kwa hiyo laptop yako ya kwanza ina miaka ya kazi mbele yake. Tundu lake litengenezwe leo. Kama tundu lilipong'oka lilitoka na vipande vya shaba vya bodi, fundi anaweza kuunga nyaya fupi nene kutoka tundu hadi njia ya umeme. Ni ukarabati halali ukifanywa kwa usafi.

Ya pili isitupwe. Dukani kwako iko mezani siku nzima, haina haja ya betri mpya. Itoe betri mbovu, iendeshe kwa chaja pamoja na UPS ndogo (kisanduku chenye betri ya akiba) ili umeme ukikatika usipoteze kazi ya mteja. Kama ina RAM ya GB 8 na SSD, weka Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, itachapa na kuskani bila shida ya masasisho. Hivyo umepata mashine ya pili bila kununua betri.

Ya tatu tungeiacha. Chai yenye sukari na maziwa huingia chini ya chipu na kutafuna miguu yake polepole. Bodi inaweza kusafishwa, ikawaka, ikafa tena baada ya wiki tatu. Kuna fundi atakayekupa bodi ya kutoka laptop nyingine. Kwa kizazi cha 7, bei ya bodi hiyo na ufundi itakaribia kununua laptop nzima. Chukua humo RAM, diski na kioo kama kinalingana na zile mbili, kilichobaki muuzie fundi.

SWALI: Ikiwa nimeamua kuachana na laptop iliyokufa, picha na nyaraka nitazitoaje? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Ubovu wa kuchaji haugusi diski, kwa hiyo vitu vyako kwa kawaida vipo salama. Diski ya bapa ya inchi 2.5 hutolewa na kuwekwa kwenye kasha la USB, ikasomwa kama flashi. Ile nyembamba kama ubani wa kutafuna, M.2, ina aina mbili, SATA na NVMe, na kila moja ina kasha lake. Mpelekee muuzaji diski yenyewe achague, au ununue kasha linalosoma zote mbili.

Windows ikikuomba ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows la kulinda diski) wenye tarakimu 48, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu, mara nyingi umehifadhiwa humo. Kwenye MacBook za miaka ya karibuni hifadhi imechomewa kwenye bodi na imefungwa kwa usimbaji, haiwezi kuhamishwa. Hapo bodi itatakiwa kutengenezwa angalau iwake mara moja, hata kama laptop yenyewe hutaitumia tena. Mweleze fundi hivyo tangu mwanzo, ili asianze kwa kukuuzia bodi nyingine: bodi nyingine itakuja na hifadhi nyingine, tupu.